Ukuta wa Mabati Nao Una Mwenyewe

Wiki chache zilizopita nilikwenda kijiji cha Raila, mtaani Kibera, kumjulia hali mzazi wa mwanafunzi niliyemfundisha zamani. Nilimkuta mama huyo ameketi nje ya chumba chake kando ya beseni la omena, ameupa mgongo ukuta wa mabati ambao, tangu nilipouona mara ya mwisho, ulikuwa umevikwa sura mpya. Kutoka mlangoni hadi dirishani palibandikwa picha za mtu anayetaka kiti katika uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027: tabasamu pana, tai shingoni, na ahadi kwa herufi kubwa. Uso ulikuwa mmoja lakini nakala zilikuwa saba, zikifuatana kama mabehewa ya garimoshi.

Nikamtania, "Mama, kumbe siku hizi una mgombeaji wako?"

Hakucheka. "Mwalimu, huyu sikumwalika," akasema. "Nimeamka asubuhi nikamkuta hapo. Vijana walipita usiku na ndoo ya gundi."

"Basi mbona hujambandua?"

Akatazama huku na huku kabla ya kunijibu. "Nikimbandua, watu wake watasema mimi ni wa upande ule. Nikimwacha, wa upande ule watasema mimi ni wa huyu. Afadhali nikae hivi hivi, nimempa mgongo."

Ndugu msomaji, jibu hilo limenikaa rohoni. Katika mjadala wetu kuhusu mabango ya siasa, ambao hufufuka kila baada ya miaka mitano na kufa kabla haujafika popote, tumezoea kusikia sauti mbili. Ya kwanza ni ya wakuu wa jiji, wanaolalamika kwamba karatasi za kampeni zinachafua mandhari. Ya pili ni ya wanasiasa, wanaojibu kwamba wana haki ya kujinadi mbele ya wapiga kura. Mama wa omena hasikiki katika mjadala huo, ilhali ukuta ni wake. Maoni yangu, na ndiyo yaliyonishikisha kalamu, ni kwamba kanuni yoyote ya mabango inayostahili kuheshimiwa yapasa ianze na swali moja: je, anayelala nyuma ya ukuta huu ameulizwa?

Wapo watakaoona kwamba nalikuza jambo dogo. Karatasi ni karatasi tu, watasema. Mvua ikinyesha itaoza yenyewe. Huenda ni kweli katika mitaa ambako nyumba zimezungukwa na kuta za mawe, na mgeni hasomi mlango wa mtu bila kwanza kupita kwa bawabu. Katika Kibera na Kawangware mlango uko njiani, na kila apitaye huusoma. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Familia zilifukuzwa katika vyumba walivyokuwa wakivilipia kodi kwa sababu ya kabila lao, na kabila lilichukuliwa kuwa ndiyo kura yao. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, ikawa zamu ya Kawangware, ambako vibanda viliteketezwa na majirani wakakimbiana. Sisemi kwamba mabango ndiyo yaliyowasha mioto hiyo. Nasema kwamba mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake ana haki ya kuogopa uso uliobandikwa mlangoni pake bila idhini yake, na ya kuogopa pia kuubandua.

Hapa pana jambo ambalo wanasheria wetu hulipitia kwa haraka. Ukuta huo ni wa nani hasa? Sehemu kubwa ya ardhi ya Kibera imekuwa ikihesabiwa kuwa ya serikali tangu enzi ya ukoloni, wakati Wanubi, askari wa zamani wa Waingereza na jamaa zao, walipopewa mahali pa kuishi katika msitu waliouita Kibra. Ilichukua hadi Juni 2017 kwa jamii hiyo kupewa hati ya ekari 288. Vyumba vya mabati ni vya wenye nyumba, ambao wengi wao hawakai humo. Wapangaji ndio wengi, nao hawana karatasi yoyote isipokuwa, wakibahatika, stakabadhi ya kodi ya mwezi uliopita. Hivyo ardhi ni ya mmoja, mabati ni ya mwingine, na maisha yaliyo nyuma ya mabati ni ya wa tatu. Vijana wa gundi wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mawakili. Wanajua kwamba mahali penye wenye mali wengi namna hiyo pageuzwa kuwa pasipo mwenyewe.

Tutazame sasa sheria inasemaje. Tangu zama za Baraza la Jiji, kubandika matangazo mahali pa watu bila kibali ni jambo lililokatazwa na sheria ndogo za jiji. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezitwika serikali za kaunti jukumu la kudhibiti matangazo ya nje, na imeyataja matangazo hayo katika fungu moja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyinginezo za umma. (Waliopanga fungu hilo bila shaka walikwisha kuziona kampeni za Kenya.) Mwaka 2018 Kaunti ya Nairobi ilijitungia sheria yake mahsusi ya matangazo ya nje. Kwa upande mwingine, maadili ya uchaguzi yaliyoambatishwa kwenye Sheria ya Uchaguzi ya 2011, yanayosimamiwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yanavikataza vyama na wagombeaji kuharibu au kuyachafua mabango ya wapinzani wao.

Kwa hiyo bango lina mabwana wawili. Kaunti hulitazama kama tangazo, sawa na lile la sabuni, na tume hulitazama kama chombo cha demokrasia. Na mahali penye mabwana wawili kazi hukosa mwenyewe. Nakumbuka katika kampeni za 2022 ukuta wa shule niliyokuwa nikifundisha ulifunikwa wote, hata jina la shule likapotea. Tulipopiga ripoti katika ofisi moja ya umma tuliambiwa hilo ni la watu wa uchaguzi. Katika ofisi ya pili tukaambiwa hilo ni la watu wa usafi. Tulirudi darasani. Juma lile niliwapa wanafunzi insha kuhusu mazingira ya shule yetu, na wachache hawakukosekana walioanza kwa kumtaja mheshimiwa wa ukutani kwa jina kamili, wadhifa autakao na wito wake wa kampeni, vyote vikiwa vimeendelezwa sawasawa. Sikuwakata alama. Walikuwa wameandika walichokiona.

Wanasiasa wenyewe ni werevu kuliko kanuni. Kwa uchaguzi wa 2022 tume iliweka muda rasmi wa kampeni kuwa Mei 29 hadi Agosti 6. Je, nani kati yetu aliyesubiri hadi Mei 29 ndipo aone picha ya kwanza? Mwaka mmoja kabla, kuta tayari zilikuwa zikitutakia heri ya Krismasi, mwaka mpya wenye fanaka na Idi njema. Mitihani ya kitaifa inapokaribia, uso uleule hutokea langoni pa shule ukiwatakia watahiniwa kila la heri, watahiniwa ambao hawana umri wa kupiga kura lakini wana wazazi. Mtu akilalamika huambiwa kwamba hiyo si kampeni, ni salamu. Mwalimu wa lugha angeweza kutumia mabango hayo kufundishia tofauti ya maana ya neno na kusudi la msemaji.

Nisije nikaonekana kana kwamba wabandikaji wote ni wanasiasa. Serikali nayo huandika kwenye mabati. Kabla ya Julai 23, 2018, vyumba vya Kibera vilivyokuwa katika njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata vilitiwa alama ya X. Siku hiyo matingatinga yaliingia, na watu wanaokadiriwa kuwa 30,000 wakakosa makao. Shule kadhaa zilibomolewa pamoja na nyumba. Huyo ndiye mwenye mamlaka anayetaka kutufundisha kwamba ukuta usichafuliwe. Mpangaji wa Kibera amezoea kuamka na kukuta maandishi ya mtu mwingine mlangoni pake, na uzoefu umemfundisha kwamba kila mwandishi wa usiku ana nguvu kumzidi. Ndiyo maana haulizi bango limeletwa na nani. Huuliza litamletea nini.

Hata hivyo, kuta hizohizo zimewahi kubeba maneno mema. Wakati wa ghasia za 2008 msanii wa Kibera, Solomon Muyundo, ambaye wengi wanamfahamu kama Solo 7, alizunguka mtaani akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta, milango na vibanda. Hakuwa na kibali cha jiji. Sheria ndogo zikisomwa neno kwa neno, yeye na vijana wa ndoo ya gundi ni wakosaji wa kosa moja. Sidhani kuna mtu wa Kibera atakayekubali hukumu hiyo, nami nalitaja hapa kwa sababu kanuni inayotazama ukuta tu, isitazame watu wa pande zake mbili, haiwezi kuutofautisha ujumbe wa amani na kero.

Kuna wanaopendekeza kwamba mabango ya siasa yapigwe marufuku kabisa. Wenzangu wengine katika chumba cha walimu wana msimamo huo, na hasira yao naielewa, kwani wao ndio waliokwangua ukuta wa shule kwa visu. Lakini marufuku humwumiza asiyejulikana. Mkenya anapoingia kituoni hupewa karatasi 6: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Anayewania wadi ya Laini Saba au Sarang'ombe hatatokea kwenye televisheni, na hawezi kukodi bango la barabara kuu. Picha yake ukutani ndiyo televisheni yake. Tena historia yetu imeupa uso na alama uzito ambao wageni hawauelewi. Katika mlolongo wa KANU wa 1988 watu walipanga foleni nyuma ya wagombeaji, mawakala wao au picha zao, na hivyo picha ikawa ndiyo karatasi ya kura. Mwaka 2005 tume ya uchaguzi ya wakati ule iligawa ndizi kwa wanaoikubali rasimu ya katiba na chungwa kwa wanaoikataa. Chungwa likashinda Novemba 21, kisha likazaa chama kizima. Mpaka leo mtoto wa Kibera huijua rangi ya chungwa kabla hajaijua ya ubao wa darasani. Ukizima alama katika nchi kama hii, utakuwa umewaachia uwanja wale ambao majina yao yamekwisha kukaa vinywani mwa watu.

Wengine husema: tozeni ada. Kila bango lilipiwe, kaunti ipate fedha, na wingi utapungua wenyewe. Wazo hili hupendwa sana na wahasibu, kwani matangazo ya nje ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya mapato ya Nairobi. Simama basi mahali Kawangware inapopakana na Lavington, uangalie. Upande mmoja kuta ndefu za mawe, maua na bawabu, na hakuna karatasi hata moja. Upande wa pili kila bati lina uso. Ada haitaigusa tofauti hiyo. Itahakikisha tu kwamba nyuso zilizoko upande wa pili ni za wenye fedha. Tusisahau kwamba Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ilitungwa mwaka 2013, na kwamba viwango vya matumizi ambavyo tume ilivichapisha mwaka 2021 vilikataliwa na Bunge la Kitaifa. Tuliingia katika uchaguzi wa 2022 bila kikomo cha matumizi. Ada ya bango, mahali ambapo matumizi hayana kikomo, ni kizingiti kwa maskini na punguzo la ushindani kwa tajiri. Na mama wa omena, ambaye ukuta wake ndio unaotozwa, hapati hata senti ya sabuni ya kuuoshea.

Wamarekani, ambao hupenda kupelekana mahakamani kwa jambo lolote, wameisumbukia habari hii kwa miaka mingi, na kesi mbili zao zinaweza kutusaidia. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya huko iliamua shauri kutoka Los Angeles. Wafuasi wa Roland Vincent, aliyekuwa akiwania udiwani, walifunga mabango yake kwenye nguzo za umma, na wafanyakazi wa jiji wakayang'oa. Majaji wengi walikubaliana na jiji: mali ya umma si lazima iwe ubao wa kila mtu, mradi katazo ni kwa wote bila kuchagua chama wala maneno. Miaka kumi baadaye, mwaka 1994, likaja shauri la Ladue, mji mdogo katika jimbo la Missouri. Bi Margaret Gilleo alikuwa amesimamisha bango uani pake kupinga vita vya Ghuba. Likaibwa, la pili likaangushwa, na alipolalamika akaambiwa kwamba mabango ya namna hiyo yamekatazwa mjini. Akatundika karatasi ndogo dirishani mwake kutaka amani. Mji ukatunga sheria ya kukataza hilo nalo. Majaji wote tisa wakaungana naye. Mtu anayesema neno lake nyumbani mwake, walisema kwa ufupi, hunena kwa namna ambayo hakuna mahali pengine pa kulisemea badala yake.

Ukiziweka kesi hizo mbili pamoja, utaona mstari ambao sisi hatujauchora. Nguzo ya umeme ni ya umma, na kaunti inaweza kuilinda. Dirisha ni la mkaaji, na kaunti haina ruhusa ya kumnyamazisha hapo. Lakini kisa cha Kibera ni cha tatu, ambacho Wamarekani hawakuulizwa: dirisha la mkaaji linalosemeshwa na mtu mwingine. Ikiwa Bi Gilleo ana haki ya kutundika karatasi yake, mama wa Raila ana haki ileile ya kutokuwa na karatasi. Katiba yetu inalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33, na haki ya kufanyia kampeni chama au jambo katika kifungu cha 38. Sioni vipi haki ya mtu kujieleza ingeweza kutekelezwa kwa mdomo wa mwenzake.

Mfano wa upande wa pili uko kijijini humohumo. Kijiji kinaitwa Raila kwa jina la Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata, eneo lililokuwa na Kibera ndani yake, tangu uchaguzi wa 1992 hadi 2013. Wakazi wake huandika jina la mwanasiasa kila wanapojaza anwani zao, na hakuna afisa wa kaunti awezaye kulibandua. Jirani wa mama yule ana picha ya Raila ya kampeni za 2022, kampeni yake ya tano na ya mwisho ya urais. Kwa kanuni yoyote ya kuyaondoa mabango baada ya kura, karatasi hiyo ilipaswa kuondoka Agosti ile. Haikuondoka. Raila alipofariki nchini India Oktoba 15, 2025, mwenye chumba aliifuta vumbi, akaizungushia utepe mweusi. Bango la kampeni likageuka picha ya msiba. Hilo halikuletwa na vijana wa ndoo. Mwenye mlango ndiye aliyeamua libaki, ndiye aliyelivisha utepe, na ndiye atakayeamua siku ya kulitoa. Askari wa kaunti akija na mkwaruzo wake atafute kazi nyingine.

Ndipo ninaposhikilia kwamba kipimo kiwe idhini ya mkaaji. Kipimo hicho kina faida moja kubwa: hakimlazimishi afisa kusoma bango. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizikataa kanuni za mji wa Gilbert, Arizona, zilizoyapa mabango ya siasa siku 60 kabla ya uchaguzi wa mchujo na 15 baada ya uchaguzi mkuu, huku tangazo la kuelekeza watu ibadani likipewa saa 12 kabla ya ibada na saa 1 baada yake. Kosa lilikuwa kwamba mji ulihitaji kusoma maneno ili kujua adhabu. Sisi nasi tukisema tunakataza kampeni kabla ya wakati, tutaletewa salamu za Krismasi, na afisa atakaa ukutani akipambanua salamu na siasa. Lakini akimwuliza mkaaji, "Hili ni lako?" jibu litakuwa ndiyo au la, hata bango liwe la mbunge, la mganga au la mhubiri. Na jibu likiwa la, gharama ya kulitoa imwendee yule ambaye uso wake uko hapo, ambaye kwa bahati njema ametuachia jina lake na picha yake.

Wagombeaji wapewe pa kubandika. Nchini Ufaransa sheria huzitaka halmashauri ziweke mbao maalum karibu na vituo vya kupigia kura, na kila mgombeaji hupata nafasi sawa na mwenzake, awe waziri au fundi viatu. Japani nayo huweka mbao zenye visanduku vilivyotiwa nambari. Mbao kama hizo zikisimamishwa Kamukunji ya Kibera, soko la Toi, kituo cha 46 kule Kawangware na nje ya kila ofisi ya chifu, mwaniaji wa wadi atakuwa na ukubwa uleule wa uso alio nao mwaniaji wa ugavana. Nairobi ina wadi 85. Mbao na misumari ya kuzitosha haziwezi kulishinda jiji linalokusanya ada za matangazo makubwa ya barabarani.

Najua mpango huo una matobo yake. Katika uchaguzi wa gavana wa Tokyo, Julai 2024, wagombeaji walikuwa 56, mbao zikajaa, na chama kimoja kidogo kikageuza nafasi zake kuwa biashara, hata picha zisizohusiana kabisa na uchaguzi zikabandikwa. Wajapani walikasirika sana. Kwetu tatizo la kwanza litakuwa usiku: nani atailinda mbao ya Kamukunji isibandikwe uso mmoja juu ya mingine yote? Mimi sina jibu kamili. Ila naona kwamba uhalifu unaotendwa mbele ya umati sokoni, kwenye mbao ya wote, ni rahisi kushuhudiwa kuliko ule unaotendwa mlangoni pa mtu mmoja mwenye hofu. Na iwapo mbao itaharibiwa, ugomvi utakuwa kati ya vyama na tume, mahali pake hasa, wala hautakuwa kati ya jirani na jirani.

Liko jambo moja ambalo halihitaji sheria mpya, nalo walimu wa somo la uraia wanaweza kulianza hata kesho. Nilimweleza mama yule kwamba yale maadili ya uchaguzi yanayokataza kuharibu mabango yamevifunga vyama na wagombeaji kuhusu mabango ya wapinzani wao. Hayakutungwa ili kumzuia mpangaji kuosha ukuta wa chumba chake. Alinisikiliza kwa adabu, kama mzazi anavyomsikiliza mwalimu. Kisha akaniuliza kama huo mstari wa sheria ninaousema umeandikwa mahali ambapo vijana wa ndoo wanaweza kuusoma. Nilibaki nimeduwaa, kwa maana siwezi kusema nimewahi kuuona umebandikwa popote.

Juzi nilipita tena. Mbele ya zile nyuso saba mama amefunga kamba ya kuanikia nguo, kutoka msumari wa mlango hadi nguzo ya jirani. Kitenge cha buluu kilikuwa kimefunika nakala nne, shuka la mtoto limefunika mbili, na ya saba ilikuwa ikichungulia kati ya soksi. Nilipoitazama kamba, naye akanitazama mimi. "Nguo lazima zikauke, Mwalimu," akasema, akarudi kwenye omena wake.